Ramani mbili za takwimu zilezile: niamini ipi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Ninaandaa ripoti kuhusu ukosefu wa ajira kimkoa, na chanzo changu kikuu ni atlasi ya mtandaoni: unachagua mada, unachagua mwaka, ramani inajichora. Kwangu karibu nusu ya mikoa ilitoka na wekundu mkali au unaokaribia ukali huo. Mwenzangu akafungua atlasi hiyohiyo, mada hiyohiyo, mwaka uleule. Kwake umekoza mkoa mmoja tu, mingine yote imepauka. Nani kakosea? Na nitaitumiaje atlasi hii nisiaibike mbele ya watakaoisoma ripoti? Ninataka pia kuipakua ramani yenyewe."

Marahaba. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyekosea. Ramani ya karatasi hukufikia ikiwa imeshaamuliwa yote: mchoraji alichagua rangi, mipaka na makundi, akachapa, basi. Atlasi ya mtandaoni hukuachia uamue sehemu ya hayo, na usiyoyaamua hukuamulia yenyewe bila kukuambia. Mwenzako huenda aligusa kitufe ambacho wewe hukukiona, au alitumia simu ikampa mpangilio mwingine. Kabla hamjaendelea kubishana, fungueni ufunguo wa ramani, vile visanduku vya rangi vilivyo pembeni, mlinganishe namba zilizoandikwa kando ya kila rangi. Sidhani kama zitafanana.

Nitakuonyesha kwa mfano wa kubuni. Chukua mikoa kumi yenye viwango hivi vya ukosefu wa ajira kwa asilimia: 3.1, 3.8, 4.2, 4.9, 5.3, 5.8, 6.4, 6.9, 7.2 na 28. Atlasi ina rangi tano za kugawa. Ikigawa kwa hatua sawa, itachukua namba ya chini kabisa na ya juu kabisa, kisha itakata nafasi iliyo kati yake vipande vitano vyenye upana mmoja, karibu pointi tano kila kipande. Kipande cha kwanza kitaanzia 3.1 na kuishia karibu 8.1, na mikoa tisa yote itaingia humo. Vipande vitatu vinavyofuata vitabaki vitupu. Cha mwisho kitakuwa na mkoa mmoja, ule wa 28. Hiyo ndiyo ramani ya mwenzako.

Atlasi ikigawa kwa idadi sawa, haitajali upana wa vipande. Itaipanga mikoa kuanzia wa chini hadi wa juu na kuweka miwili katika kila rangi. Sasa mkoa wa 7.2 unavaa rangi moja na mkoa wa 28. Ule wa 6.9, unaopitwa na wa 7.2 kwa pointi 0.3 tu, unavaa rangi nyingine. Ramani inachangamka, ina rangi zote tano, macho yanapata cha kutazama, na ile tofauti kubwa kuliko zote imefichwa ndani ya kisanduku kimoja. Nahisi hiyo ndiyo ramani yako. Atlasi nyingi huanza na mgawanyo wa namna hii kwa sababu hiyohiyo ya kuchangamka: ramani haitoki imepauka hata mara moja.

Iko njia ya tatu, ambayo katika programu nyingi hubeba jina la Jenks, kwa heshima ya George Jenks, mchora ramani wa Marekani. Yenyewe hutafuta mapengo yaliyomo ndani ya takwimu, ikakusanya pamoja namba zilizokaribiana na kutenga zilizoachana. Katika mfano wetu ingeuweka mkoa wa 28 peke yake na kuigawa ile tisa katika makundi manne yenye maana kiasi. Ni njia nzuri ya kutazama ramani moja. Ukitaka kulinganisha ramani mbili inakuangusha, kwa kuwa mipaka ya makundi hutokana na takwimu za ramani husika na haitafanana na ya ramani nyingine.

Kwa hiyo ipi uitumie? Inategemea unachouliza. Ukiuliza "ni mkoa gani umeachana sana na wenzake?", hatua sawa zitakujibu. Ukiuliza "nani yuko sehemu ya juu ya orodha na nani chini?", idadi sawa itakujibu, mradi usiitumie kusema tofauti ni kubwa au ndogo. Kwa ripoti kama yako, mimi huwashauri watu wajiwekee mipaka yao wenyewe kama atlasi inaruhusu, kwa namba ambazo msomaji atazikumbuka, na mmoja kati ya mipaka hiyo uwe wastani wa nchi nzima. Hapo msomaji akiona rangi iliyokoza anajua mara moja kwamba mkoa huo uko juu ya wastani. Kisha iandike mipaka hiyo chini ya ramani, hata kama ufunguo unaionyesha.

Suala hili la makundi lina mtego mwingine, na ndio unaonasa watu wengi zaidi. Atlasi nyingi zina kitufe cha kuchezesha miaka: ramani ya mwaka mmoja inafifia, ya mwaka unaofuata inatokea. Inapendeza kwenye mikutano. Sina hakika kama imewahi kumwelimisha mtu. Jambo la kukagua ni kama mipaka ya makundi inabaki palepale mwaka hadi mwaka au inahesabiwa upya kila mara. Ikiwa inahesabiwa upya kwa idadi sawa, sehemu moja ya tano ya mikoa itakuwa imekoza kila mwaka, hata kama ukosefu wa ajira umeshuka kwa nusu kila mahali. Ramani itakuonyesha kwamba hakuna kilichobadilika. Tafuta chaguo la kuifunga mipaka. Usipolipata, acha kuchezesha, chukua jedwali la namba za miaka yote ukachore grafu ya mstari. Mabadiliko ya miaka mingi husomeka vizuri zaidi kwenye grafu kuliko kwenye ramani, na hakuna sheria inayosema atlasi itumike kwa ramani tu.

Tukishamalizana na rangi, turudi nyuma kwenye namba yenyewe. Bofya mkoa wowote, usome kipimo kilichoandikwa kando ya tarakimu. Je, ni watu, ni asilimia, au ni idadi kwa kila wakazi 1,000? Ramani ya mikoa iliyopakwa rangi haifai kwa idadi ya jumla. Ukipaka rangi kwa idadi ya watu wasio na ajira, utapata ramani ya mahali watu wanapoishi kwa wingi, kwa sababu mkoa wenye jiji kubwa utakuwa na watu wengi wa kila aina: wasio na ajira, wenye ajira, wenye miwani. Idadi ya jumla huonyeshwa kwa duara linalowekwa juu ya mkoa, na eneo la duara ndilo linalolingana na idadi. Kumbuka hapo kwamba idadi ikiwa mara nne, kipenyo cha duara huongezeka mara mbili tu. Jicho hulipunguzia duara kubwa haki yake. Rangi ziachie viwango.

Na viwango navyo vina jambo lake: asilimia ya nini? Kwa fasili ya Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni mtu ambaye hana kazi, amekuwa akiitafuta na yuko tayari kuianza. Kiwango hupatikana kwa kugawanya watu hao kwa nguvukazi, yaani wenye kazi pamoja na wanaoitafuta. Anayesoma na hatafuti kazi hamo. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta hamo pia. Chukua vijana 100. Tuseme 60 wako masomoni na hawatafuti kazi, 30 wana kazi, 10 wanaitafuta. Kiwango cha ukosefu wa ajira kwa vijana ni 10 kati ya 40, yaani asilimia 25. Ripoti ngapi zingeandika kwamba kijana mmoja kati ya kila wanne hana ajira, ilhali ni mmoja kati ya kumi? Yote haya hayaonekani kwenye rangi. Yamo kwenye maelezo ya data, ambayo kwa kawaida yamefichwa nyuma ya herufi ndogo "i" au kiungo kilicho chini kabisa ya ukurasa. Huo ndio ukurasa wa kwanza ninaoufungua nikikutana na atlasi mpya. Ramani huwa naitazama baadaye.

Mtego wa namna hii haupo kwenye ajira tu. Pato la mkoa kwa kila mkazi, kwa mfano, hugawanya mali iliyozalishwa mkoani kwa watu wanaolala mkoani, na hao si lazima wawe ndio walioizalisha. Luxembourg hutokea imekoza kuliko karibu kila mahali kwenye ramani za pato za Ulaya. Nchi hiyo ni tajiri, hilo halina ubishi. Lakini zaidi ya wafanyakazi 200,000 huvuka mpaka kwenda kufanya kazi huko wakitokea Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Jasho lao limo kwenye pato, wao hawamo kwenye idadi ya wakazi. Ireland nayo ilitangaza kwamba pato lake la 2015 limekua kwa zaidi ya robo katika mwaka mmoja, sehemu kubwa ikiwa ni kampuni za kimataifa kuhamishia huko mali na hataza zao kwenye vitabu vya hesabu. Ramani ilisema kweli kuhusu namba. Kuhusu mfuko wa mkazi wa kawaida haikusema kitu.

Sasa mipaka. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo atlasi za kimkoa zinapotofautiana na nyingine zote, na ndipo wasomaji wengi wanapopita bila kutazama. Mkoa ni mstari ambao watu waliuchora. Ukiuchora kwingine, watu ni walewale, kazi ni zilezile, na ramani ni nyingine. Mwaka 1979 wanajiografia Stan Openshaw na Peter Taylor walichukua wilaya 99 za jimbo la Iowa, Marekani, wakatazama uhusiano kati ya asilimia ya wazee na asilimia ya waliopigia kura chama cha Republican. Wakaziunganisha wilaya hizo katika kanda kubwa zaidi kwa njia nyingi mbalimbali, wakipima uhusiano upya kila mara. Kipimo hicho huanzia hasi moja, kimoja kikipanda kingine kinashuka, hadi chanya moja, vyote vikipanda pamoja. Majibu yalitoka karibu na hasi moja hadi karibu na chanya moja. Kwa maneno mengine, kwa takwimu zilezile, kuna namna ya kuchora kanda ikaonekana kwamba penye wazee wengi chama hicho kinapendwa mno, na kuna namna nyingine ya kuchora ikaonekana kinyume chake kabisa.

Usidhani hilo ni la vitabuni tu. Umoja wa Ulaya hugawa nchi zake katika ngazi tatu za mikoa ya takwimu, zinazojulikana kwa kifupi NUTS. Ngazi ya kwanza imekusudiwa kuwa na wakazi milioni 3 hadi 7 kwa kila mkoa, ya pili 800,000 hadi milioni 3, ya tatu 150,000 hadi 800,000. Fedha nyingi za maendeleo hutolewa kwa kutazama ngazi ya pili: mkoa ambao pato lake kwa mkazi liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja huhesabiwa kuwa nyuma kimaendeleo na kupata zaidi. Nchini Poland, jimbo la Mazowieckie lilihesabiwa kuwa mkoa mmoja, na jiji la Warszawa lilikuwa ndani yake. Utajiri wa jiji ulipandisha wastani wa jimbo zima, vijiji vilivyo mbali na jiji vikaonekana kwenye ramani kana kwamba navyo vimeneemeka. Kuanzia 2018 jimbo hilo likagawanywa kitakwimu sehemu mbili, Warszawa na viunga vyake upande mmoja, sehemu iliyobaki upande mwingine. Ukitazama ramani za kabla na baada ya hapo utaona mkoa "umefukarika" ghafla. Hakuna aliyefukarika, mstari ndio uliosogezwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha miaka, uliza atlasi inatumia mipaka ya mwaka gani. Baadhi hurudisha takwimu za zamani ndani ya mipaka mipya, baadhi huacha mkoa mpya ukiwa mtupu kwa miaka ya nyuma, na baadhi hubadilisha mipaka katikati ya mfululizo bila kelele. Angalia pia ngazi uliyochagua. Ufaransa iliunganisha mikoa yake ya bara la Ulaya, 22 ikawa 13, mwanzoni mwa 2016. Ile mipya iliwekwa katika ngazi ya kwanza ya NUTS, ya zamani ikaachwa katika ngazi ya pili. Ukichagua ngazi ya pili kwenye ramani ya Ulaya, kwa Ufaransa unatazama mikoa ambayo mingi yake kiutawala haipo tena. Msomaji wako Mfaransa atagutuka, na wewe utahitaji kuwa na jibu.

Kama atlasi yako inaruhusu kubadili ngazi, fanya jaribio hili na ramani yako ya ajira: itazame kwa ngazi kubwa, kisha kwa ngazi ndogo zaidi iliyopo. Jambo unalotaka kuliandika likibaki kuonekana kwenye zote mbili, liandike kwa ujasiri. Likionekana kwenye ngazi moja na kutoweka kwenye nyingine, andika na hilo pia, kwa kutaja ngazi.

Ila ngazi ndogo ina gharama yake. Takwimu za ajira kwa kawaida hutoka kwenye utafiti wa kaya zilizochaguliwa, na kadiri mkoa unavyokuwa mdogo ndivyo kaya zilizohojiwa humo zinavyopungua na namba inavyoyumba. Hata pale ambapo kila mtu amehesabiwa, uchache wa watu wenyewe huyumbisha viwango. Mahali penye wakazi 500, mgonjwa mmoja zaidi wa maradhi fulani hupandisha kiwango kwa 200 kwa kila watu 100,000. Kwenye jiji la watu milioni mbili, mgonjwa huyohuyo hupandisha kiwango kwa 0.05. Ndiyo maana wataalamu wa takwimu hupenda kufundishia ramani ya saratani ya figo nchini Marekani: wilaya zenye viwango vya chini kabisa ni za vijijini zenye watu wachache. Mtu akishaanza kueleza faida za hewa safi, anaonyeshwa kwamba wilaya zenye viwango vya juu kabisa nazo ni za vijijini zenye watu wachache. Palipo na watu wachache, bahati nasibu hutupa namba pande zote mbili. Ukiona mikoa midogo imekoza na mingine midogo imepauka, imepakana, haina mpangilio, shuku hilo kwanza.

Watoa takwimu waangalifu hukuonya kwa alama ndogo kando ya namba. Katika takwimu za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, "u" ni namba isiyotegemeka sana, "b" ni kukatika kwa mfululizo, "e" ni makadirio, "p" ni takwimu za muda, na nukta mbili husimama mahali ambapo takwimu haipo. Ramani mara nyingi huzimeza alama hizi, jedwali huzionyesha. Na kijivu kwenye ramani maana yake ni kwamba hakuna takwimu. Sijui ni ripoti ngapi nimezisoma zinazokichukulia kuwa sifuri.

Kuna na suala la ukubwa wa maeneo. Övre Norrland, kaskazini mwa Sweden, ina zaidi ya kilomita za mraba 150,000 na wakazi zaidi kidogo ya nusu milioni. Île-de-France, yenye Paris, ina kilomita za mraba 12,000 na wakazi zaidi ya milioni 12. Ukiwa mbele ya ramani ya Ulaya, rangi ya kwanza kuingia jichoni ni ya ile ya Sweden. Mambo huwa mabaya zaidi ikiwa atlasi imewekwa juu ya ramani ya kawaida ya intaneti, ambayo hutandaza dunia kwa mtindo uliotokana na ule wa mchora ramani Mercator wa 1569. Mtindo huo ulikusudiwa mabaharia, uwasaidie kushika mwelekeo, na kadiri unavyoondoka ikweta ndivyo unavyovimbisha maeneo. Kwenye latitudo 60 kila urefu huwa mara mbili, hivyo eneo huwa mara nne. Ndiyo maana Greenland huonekana inakaribiana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko hiyo takriban mara 14. Kama mikoa yako yote iko karibu na latitudo moja, upotofu huu hautakusumbua. Kama inaanzia mbali kusini hadi mbali kaskazini, chagua mtindo unaohifadhi eneo. Baadhi ya atlasi hutoa pia ramani ambamo kila mkoa ni kisanduku cha ukubwa mmoja. Si nzuri kwa sura, lakini hakuna anayemkandamiza mwenzake.

Kuhusu uchaguzi wa rangi sitasema mengi. Kitu kinachopanda kutoka kidogo hadi kingi kipe rangi moja inayokolea polepole. Rangi mbili zinazoachana katikati, kwa mfano bluu na chungwa, ziweke pale penye namba ya katikati yenye maana, kama sifuri au wastani. Achana na nyekundu na kijani pamoja: kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 huzichanganya. Nyekundu peke yake nayo humpa msomaji hukumu kabla hajasoma namba. Ningeitoa kwenye ripoti yako nikaweka bluu au zambarau.

Hukuuliza kuhusu kulinganisha ramani mbili bega kwa bega, lakini kwa kuwa ripoti ni ya ajira najua utajaribu: ajira upande huu, elimu upande ule, zinafanana, basi elimu ndiyo sababu. Pole pole hapo. Mwaka 1950 mwanasosholojia W. S. Robinson alirejea kwenye sensa ya Marekani ya 1930. Majimbo yaliyokuwa na wahamiaji wengi zaidi yalikuwa na watu wachache zaidi wasiojua kusoma, uhusiano wa karibu hasi 0.53. Alipowatazama watu mmoja mmoja akakuta kinyume: mhamiaji alielekea kidogo zaidi kuwa hajui kusoma, chanya 0.12. Wahamiaji walikuwa wamekwenda kukaa katika majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma zaidi. Ramani mbili zinazofanana zinakupa swali zuri la kufuatilia kuhusu mikoa. Kuhusu mtu mmoja ndani ya mkoa, usiandike kitu kwa kutegemea ramani pekee.

Tumefika kwenye kupakua. Picha ya skrini inatosha kwa kumwonyesha rafiki. Kwa ripoti, tumia kitufe cha kuhamisha ramani, na kama kuna chaguo la SVG au PDF lichukue, maana ukikuza picha ya namna hiyo haifanyi ukungu. Nakili pia kiungo cha ukurasa baada ya kumaliza kupanga kila kitu. Atlasi nyingi huhifadhi ndani ya kiungo mada, mwaka na mgawanyo uliochagua. Laiti wewe na mwenzako mngebadilishana viungo, msingebishana. Kijaribu kwanza kwenye kivinjari kingine uone kama kinafungua ramani ileile, kisha kiweke chini ya ramani pamoja na tarehe uliyokifungua, kwa sababu takwimu hurekebishwa. Soma na masharti ya matumizi: kutaja chanzo huwa ni lazima, na wakati mwingine mipaka ya ramani ina mwenyewe tofauti na mwenye takwimu.

Pakua jedwali pia, hata kama unadhani hulihitaji. Nalo lina vituko vyake. Programu za majedwali hupenda kuzigeuza alama za mikoa, yaani misimbo inayoitambulisha, kuwa namba za kawaida na kumeza sifuri ya mwanzo. 01, ambayo ni département (sehemu ndogo ya mkoa) ya Ain nchini Ufaransa, inakuwa 1, na ukirudi kuunganisha jedwali na mipaka, Ain inapotea kwenye ramani. Corse-du-Sud, ambayo ni 2A, inasalimika kwa sababu ya herufi yake. Ingiza safu ya alama za mikoa kama maandishi kabla ya kitu kingine chochote. Unganisha kwa alama hizo, usiunganishe kwa majina, maana majina huandikwa kwa namna tofauti kila chanzo. Tazama pia kama faili linatumia nukta au mkato kwa desimali. 7,2 ikisomwa kuwa 72 utapata mkoa wa ajabu. Ukishakuwa na jedwali safi na faili la mipaka ya mwaka unaolingana nalo, QGIS, ambayo ni programu ya bure, itakuchorea ramani kwa mipaka ya makundi unayotaka wewe, hata kama atlasi haikuruhusu.

Katika ripoti yenyewe ningeweka ramani moja, ya makundi yenye wastani wa nchi ndani yake, na kando yake chati ya mihimili ya mikoa yote kuanzia wa juu hadi wa chini, ili ule mkoa ulioachana na wenzake kwenye ramani ya mwenzako uonekane umbali wake halisi. Chini yake iandikwe hivi, kwa kujaza nafasi zako: "Kiwango cha ukosefu wa ajira, asilimia ya nguvukazi, watu wa miaka 15 hadi 74, wastani wa mwaka fulani, mipaka ya mikoa ya mwaka fulani, ngazi fulani, makundi yamewekwa na mwandishi, kijivu ni mikoa isiyo na takwimu, chanzo, kiungo na tarehe." Ukikuta hujui cha kujaza kwenye mojawapo ya nafasi hizo, rudi kwenye ile "i" ndogo.